Gorogoro Kumi na Mbili na Dirisha Moja

Nilistaafu muhula uliopita. Walimu wenzangu walinichinjia mbuzi, wakaninunulia kiti cha kuegemea, na kila aliyesimama kuongea alisema mimi ni mtu aliyetulia. Nilitazama chini ili nisicheke. Mama yangu, aliyekwisha kututangulia, angesikia maneno hayo angeuliza kama wameingia sherehe isiyo yao.

Kiti chenyewe nimekikalia mara tatu. Siku ya nne nikaona heri nichukue daftari niwaandikie nyinyi mnaobaki na chaki mkononi, hasa ninyi mlioletwa juzi kutoka chuoni na bado mnapiga pasi soksi. Sitaandika habari za vyeo wala mshahara. Vyeo vyangu havichukui mstari mzima, na mshahara mnaujua. Nataka niwaeleze jinsi nilivyoingia, nani alinifundisha, na jinsi nilivyokaribia kufukuzwa kwa sababu ya makopo ya mtama.

Nilizaliwa upande wa Kenya, kwa Wasamia, si mbali na mpaka wa Busia. Shule niliiacha darasa la tano. Watu wakisikia hivyo hunionea huruma, wakidhani nilikosa karo. Karo ilikuwepo. Kilichotokea ni kwamba lori la wachimba visima lilipita mbele ya shule wakati wa mapumziko, nami nikalifuata nione maji yanatoka wapi. Nilirudi baada ya miezi miwili nikiwa najua maji yanatoka wapi, nikakuta jina langu limekatwa kwenye rejista. Nilisikitika hadi saa nane mchana. Kisha nikaenda Malaba kutazama mabehewa yanavyounganishwa.

Tangu hapo sikukaa mahali. Nilivunja mawe ya kutengenezea mbolea huko Osukuru, nikawachosha wazee wa huko kwa kuwauliza jiwe la mlimani linawezaje kulisha mahindi. Nilikuwa utingo. Nilifungua redio za watu, na baadhi yake niliweza kuzifunga tena. Mwishowe nikapata baiskeli, nikaweka mto kwenye keria, nikawa bodaboda pale Busia. Siku hizo bodaboda ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuvusha watu kipande kile kilicho kati ya geti la Kenya na geti la Uganda.

Mteja wangu wa kila asubuhi alikuwa Madamu Apio. Alikuwa mwalimu, Mjapadhola, amepanga chumba upande wa Kenya lakini anafundisha upande wa Uganda. Alikaa kwenye keria upande-upande, madaftari mapajani, akisahihisha njia nzima. Nikipita kwenye shimo, alama yake ya vema ilinyooka mpaka ukurasa wa pili. Nami nilikuwa na tabia ya kugeuka nione anasahihisha nini.

"Madamu, mtoto huyo mbona umemkosesha?"

"Tazama barabara."

"Natazama. Lakini ameandika mwezi una taa yake. Hata mimi najua hivyo."

"Basi mmekosa wawili. Kanyaga."

Sikukanyaga. Nilisimama palepale katikati ya geti na geti, askari wa pande zote mbili wakitutazama, nikamwambia sitoki hapo hadi anieleze. Alichelewa shule siku hiyo. Kesho yake alikuja na chungwa na tochi, na kabla hajapanda baiskeli alinisimamisha kando ya ukuta wa duka akanionyesha mwezi unapata wapi mwanga wake. Nilimbeba bure wiki nzima.

Baada ya hapo ikawa kawaida yetu. Mimi nauliza, yeye anajibu, na asipojua anasema "nitaangalia" na kesho analeta jibu. Nimekutana na walimu wengi baadaye, wenye shahada za kila namna, lakini wanaosema "nitaangalia" na kisha wakaangalia ni wachache. Kama mtaondoka na kitu kimoja kwenye daftari hili, chukueni hicho.

Ukafika mwaka Madamu akapewa ualimu mkuu wa shule ndogo huko Mella, upande wa Uganda, ndani kabisa, mashamba ya mihogo na mtama pande zote. Nilimbebea godoro kwa baiskeli kutoka Busia. Siku iliyofuata nilirudi kuchukua sanduku la vitabu. Siku ya tatu nilipolifikisha, nilimkuta amesimama mlangoni mwa darasa la nne, watoto karibu themanini ndani, kelele kama soko.

"Mwalimu wao ameondoka," akasema. "Maswali yako wewe yanatosha darasa zima. Ingia uwaulize hadi saa sita."

"Madamu, mimi ni darasa la tano."

"Na hao ni la nne. Umewazidi."

Nikaingia. Alinipa kipande cha chaki, nikakishika kama mtu anayeshika yai la mtu mwingine. Sikuwa na la kufundisha, kwa hiyo niliwauliza kwa nini moshi unapanda na mvua inashuka. Wakacheka, wakaanza kubishana. Wengine walibishana kwa Kiteso, wengine kwa Kidhopadhola, na waliotaka kuwashinda wote walibishana kwa Kiswahili cha sokoni. Saa sita ikapita. Madamu alichungulia dirishani, akaenda zake. Nilikuwa nimekuja kufikisha sanduku, nikakaa miaka thelathini na kidogo.

Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kusoma kwenye magunia ya mbolea na milango ya malori, na darasa la nne ndilo linaloanza kufundishwa kwa Kiingereza. Niliwaambia watoto ukweli: somo la leo nimelijua jana jioni kwa Madamu, kwa hiyo anayelielewa haraka anisaidie. Msiogope kusema hivyo. Watoto wanajua tayari.

Kuhusu vifaa, mnaopewa kila kitu kwenye boksi hamtaniamini. Ubao wetu tuliupaka sisi wenyewe kila muhula: unavunja betri kuukuu za tochi, unatwanga makaa yake, unachanganya na majani ya viazi vitamu, unasugua. Harufu inakaa wiki. Chaki ikiisha, muhogo mkavu unaandika vizuri, ila uwahesabu watoto na vipande vya muhogo pia, kwa sababu wenye njaa watakula vifaa vya kufundishia. Gurudumu la baiskeli lilinifundishia duara, nusu kipenyo, mwendo na msuguano. Spoku yake ilikuwa fimbo ya kuonyeshea. Kumpigia mtoto nilijaribu mara moja, ikapinda, nikaona aibu kuinyoosha mbele yao, nikaacha.

Katika miaka hiyo nikaoa. Mke wangu, Athieno, ni mtu wa hapohapo Mella. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Athieno, alikuwa muuza mtama mkubwa kuliko wote kwenye soko letu la Jumatano, na pia makamu mwenyekiti wa kamati ya shule. Kwa wale mliotoka mbali: huku kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani ana kwa ana. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hamsalimiani kwa mkono. Ukimwona njiani unaingia kwenye mihogo hadi apite. Ni heshima, na mimi nilikuwa naipenda, kwa sababu ilinipa nafasi ya kuingia kwenye mashamba ya watu nione wamepanda nini. Kamati ilipokutana, mimi nilikuwa naenda kukagua mpaka wa uwanja.

Cheti ndicho kilichokuwa kinanisumbua. Ikaja amri kwamba mwalimu asiye na karatasi ataondoka. Madamu akanikalisha chini. Nilifanya mitihani ya sekondari kama mtahiniwa wa nje. Mara ya kwanza nilianguka Kiingereza, mara ya pili nikapita kwa ukucha. Kisha miaka mitatu ya mafunzo wakati wa likizo, nikiwa mzee kuliko baadhi ya wakufunzi. Mwishoni yakabaki mambo mawili tu: inspekta aje anione nikifundisha somo moja, na kamati ya shule iandike barua kwamba inanikubali. Nikikosa kimoja, narudi Busia kwenye keria, na safari hii na watoto watatu wa kulisha. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amelazwa hospitali Tororo, kwa hiyo barua ilikuwa ya makamu wake. Niliona hilo ni jambo jema. Mama mkwe wako akunyime sahihi kwa nini?

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Darasani nilikuwa na msichana aitwaye Nyaketcho. Kila Jumatano alikosa kwa sababu alimsaidia bibi yake kuuza nyanya, na Alhamisi alikuja akiwa amechoka na ameachwa nyuma. Hesabu za kichwani alinishinda mimi, lakini kuandika alikataa. Nilimwambia akiendelea hivyo ataacha shule darasa la tano. Akanijibu, "Kama wewe, Ticha?" Nilijua sitaki ifike huko. Nikafikiri: kama Nyaketcho haji darasani Jumatano, basi darasa liende kwa Nyaketcho.

Tulikuwa kwenye vipimo. Sokoni mtama, mahindi na maharage huuzwa kwa gorogoro, lile kopo la bati la kilo mbili ambalo kila mama analo. Tulipima kopo moja jipya darasani, likameza vikombe kumi vya chai. Nikawagawa watoto makundi, kila kundi kikombe kimoja cha plastiki, nikawatuma sokoni wapime gorogoro kumi na mbili na waandike. Sikwenda nao. Nisingeweza, mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale katikati ya soko na mtama wake. Nilibaki barabarani nimeegemea baiskeli, nikitazama samawati ya sare zao ikizunguka kati ya magunia, nikijisifu.

Kanuni yangu darasani ilikuwa moja: kipimo kisicho na jina la kilichopimwa si kipimo. Watoto waliishika. Ijumaa mchana mimi nilikuwa nimekwenda Tororo kuulizia siku ya inspekta. Nyaketcho, ambaye hakuwahi kuandika mistari miwili, aliandika jedwali zima kwa mkono wake kwenye karatasi ya manila, herufi kubwa, akalibandika kwenye mlango wa darasa upande wa nje. Gorogoro kumi na mbili, majina kumi na mawili. Mama Okoth, vikombe tisa. Mama Opio, vikombe tisa na nusu. Wa mwisho kabisa, na mstari wa kalamu nyekundu chini yake: Mama Athieno, vikombe vinane.

Darasa letu ndilo lilikuwa kanisa siku ya Jumapili.

Nilifika nikiwa nimechelewa, nikakuta ibada haijaanza ingawa mhubiri alikuwepo. Waumini wote walikuwa mlangoni wanasoma. Katika miaka yangu yote ya kubandika kazi za watoto, hiyo ndiyo ya pekee iliyosomwa hadi mstari wa mwisho. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na waliosomewa waliomba kurudiwa. Nilitafuta mihogo ya kuingia.

Nyumbani, Athieno alikuwa ananingoja.

"Umemwandika mama yangu kwa mlango ya kanisa?"

"Si mimi. Ni watoto."

"Na kalamu nyekundu ni ya nani?"

Kalamu nyekundu ilikuwa yangu. Alinitazama, akafunika mdomo kwa kanga, akaingia ndani. Sikujua kama analia au anacheka, na sikuthubutu kwenda kuangalia.

Jumatatu akina mama wa sokoni walikuja shuleni, kila mmoja na kopo lake mkononi. Mbele yao alikuwa Mama Okoth, muuza maharage, ambaye sauti yake husikika hadi ng'ambo ya kinamasi.

"Madamu, mwalimu gani hii umetuletea?" akaanza kabla hajafika. "Mimi nauza hapa tangu hii shule ni majani. Leo watu nakuja na vikombe mpaka kwa nyumba yangu! Mtu nanunua maharage, natoa kikombe kwa mfuko, napima mbele yangu!"

"Na alipata vingapi?" Madamu Apio akauliza.

"Tisa."

"Watoto waliandika vingapi?"

Mama Okoth akakohoa. "Tisa. Lakini hiyo si maneno ya kuandika!"

Na hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe. Hapakuwa na mtu sokoni asiyejua kwamba kitako cha gorogoro hugongwa kikapanda ndani. Mnunuzi alijua, muuzaji alijua, na kwa sababu wote walijua, mnunuzi aliongezewa konzi juu ya kopo wakati wa kupimiwa, wakaitana dada, wakaachana kwa amani. Mimi nilichukua jambo ambalo watu wazima walikuwa wamekubaliana kutolisema, nikawapa watoto karatasi na kalamu.

Mama Athieno hakuja na wenzake, kwa kuwa mimi nilikuwepo. Alibaki barabarani, mgongo kwetu, kitambaa kichwani. Alimtuma Mama Okoth, na Mama Okoth alifikisha ujumbe kwa furaha kubwa: "Nasema hivi: mtu ambaye anapima kopo ya mama mkwe yake, kesho atapima na chungu. Barua atafute kwa wale wenye vikombe kumi."

Walipoondoka nilikwenda mlangoni nikaanza kubandua karatasi ile. Madamu akanishika mkono.

"Watoto wamekosea hesabu?"

"Hapana."

"Basi unaitoa kwa nini?"

"Madamu, inspekta anakuja Alhamisi. Sina barua. Nitarudi Busia."

"Ukirudi Busia nitapanda keria yako tena," akasema. "Lakini ukibandua hiyo, huyo msichana hataandika tena, na wewe unajua."

Nikaiacha. Sikulala vizuri. Asubuhi nilimpa Nyaketcho kalamu nikamwomba aongeze mstari mmoja chini ya jedwali: Vipimo vitarudiwa Alhamisi, darasa la nne, wote mnakaribishwa na gorogoro zenu. Ndilo somo nililoamua kumfundishia inspekta. Kama ningefukuzwa, basi nifukuzwe nikiwa napima.

Inspekta alikuwa bwana mpole kutoka upande wa magharibi wa nchi, koti zito kwenye joto letu, na kalamu tatu mfukoni. Alikaa nyuma kabisa kwenye dawati la watoto, magoti karibu na kidevu. Akina mama tisa walikuja. Walijipanga ukutani na makopo yao, na niligundua jambo: makopo mengi yalikuwa yamebadilika. Vitako vilikuwa vimeshuka. Palikuwa na alama mpya za mchi juu ya bati.

Nilianza vizuri. Nilieleza kwa nini kipimo hurudiwa, nikaita kundi la kwanza, wakamimina mtama wakihesabu kwa sauti. Mama Opio, vikombe kumi. Makofi. Mama Okoth, kumi kasoro robo. Akasema robo hiyo ni ya watoto wake, tukacheka wote, hata inspekta.

Ndipo nikasikia kikohozi nje ya mlango.

Nilikuwa nakijua kikohozi kile. Miaka kumi na miwili kilikuwa kinanipeleka kwenye mihogo. Kilirudiwa mara ya pili, polepole, kama cha mtu anayempa mwenzake nafasi. Kivuli cha kitambaa kikaonekana kizingitini. Darasa letu lilikuwa na mlango mmoja.

Niliweka chaki mezani, nikasema, "Nyaketcho, endelea," nikapanda kwenye dawati la pembeni, nikatoka dirishani.

Nilianguka juu ya maua ya klabu ya mazingira ya shule. Nikachuchumaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, nikawaza kwamba katika historia ya ukaguzi hakuna mwalimu aliyemkimbia inspekta kwa njia hiyo. Kisha nikasikia sauti ya inspekta.

"Mwalimu amekwenda wapi?"

"Mama mkwe wake amekuja," watoto wakajibu kwa pamoja, kama mtu anavyoeleza kwamba mvua imenyesha.

"Atarudi?"

"Akitoka huyu."

Nilisikia kalamu ya inspekta ikikwaruza. Nikafumba macho. Hapo nikasikia chaki ubaoni, na sauti ya Nyaketcho, nyembamba lakini haitetemeki.

"Mama, karibu. Leta kopo. Weka hapa mezani."

"Haisimami," Mama Athieno akasema.

Ilikuwa kweli. Baadaye waliniambia wote, kila mmoja kwa namna yake. Alikuwa amekaa na kopo lile jioni mbili na mchi, akagonga kitako kutoka ndani mpaka kikafura kama tumbo. Likiwekwa mezani lilipinduka. Akavua kata ya nguo aliyobebea kopo kichwani, akaiweka mezani, akalikalisha kopo juu yake.

Watoto wakaanza kumimina na kuhesabu. Nami nje nilikuwa nahesabu nao kimyakimya. Saba. Nane. Kwenye nane walipunguza sauti kidogo, kwa adabu. Tisa. Kumi. Nikapumua. Lakini hawakunyamaza.

"Kumi na moja!"

Darasa likalipuka. Mama Okoth alipiga kigelegele ambacho nadhani kilivuka mpaka. Nyaketcho akangoja watulie.

"Mama, hii imezidi," akasema. "Ukiuzia hii, wewe ndiye unapunjwa."

"Nimeuliza wewe kama nimepunjwa? Andika."

"Naandika."

"Na jina."

"Nimeandika jina."

"Na hiyo kalamu nyekundu iko wapi?"

Nikasikia droo ya meza yangu ikifunguliwa.

Nyaketcho aliendelea na somo. Aliwauliza wenzake kama kopo linalozidi ni kipimo kizuri kuliko linalopungua. Wakabishana kwa lugha tatu, wengine wakisema ndiyo, wengine wakisema vyote viwili ni uongo ila mmoja una moyo. Inspekta aliuliza swali, akajibiwa. Aliuliza jingine, akaambiwa na mtoto mmoja, "Hiyo hatujui, tutaangalia." Kengele ikalia nikiwa bado nimechuchumaa, miguu imekufa ganzi, na sikuwa nimefundisha zaidi ya robo saa.

Inspekta alinipata hapo nyuma. Alisimama kando yangu akiwa na fomu yake, akanitazama mimi na maua niliyoyaponda.

"Kuna mahali hapa panauliza mwalimu anasimama wapi wakati wa somo," akasema. "Nimeandika: nje ya dirisha."

"Naelewa, bwana inspekta."

"Huelewi. Wengi ninaowakagua, wakitoka darasani, darasa linatoka nao." Akakunja fomu. "Nimekupa alama zote za sehemu hiyo. Sasa nitafutie barua ya kamati niende, jua linapanda."

Barua. Nilimwambia ukweli kwamba sina. Akasema bila barua alama zake hazina pa kwenda, na kwamba atangoja ofisini kwa Madamu hadi amalize chai, basi.

Ofisi ya Madamu ilikuwa chumba kilichoegemea darasa letu, ukuta wa matofali mabichi usiofika juu. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti ya Mama Athieno ndani, nikarudi nyuma upesi, nikazunguka nikasimama nje ya ukuta. Alijua nimefika. Viatu vyangu vilikuwa na sauti ya pekee, na nina hakika alikuwa ameizoea kuliko uso wangu.

"Madamu," nikasema kwa sauti ya kawaida, nikiutazama ukuta, "naomba umwambie Mama kwamba sikukusudia kumwaibisha. Jedwali la kwanza nitalitoa."

Madamu akafungua mdomo kufikisha ujumbe, lakini Mama Athieno hakumngoja.

"Madamu, mwambie huyo aliye nyuma ya ukuta asitoe kitu. Ile ya kwanza ibaki chini, hii ya leo iwekwe juu yake, watu wasome zote mbili. Jumapili mimi nitakuja mapema."

Nilisikia karatasi ya barua ikivutwa mezani. Mama Athieno hakuwa mwandishi wa haraka, na jina lake lilichukua muda. Inspekta alimaliza chai. Kalamu ikawekwa chini.

"Imekwisha," akasema. "Na mwambie atume Athieno na kikapu Jumatano. Mtama nitampimia kwa hili kopo lililofura mara moja, aone. Halafu nitaligonga lirudi kumi, sababu kwa hali hii nitamaliza ghala."